Mwanafunzi mjamzito shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu afya na masomo yake

Maswali haya nimeulizwa na walimu, wazazi na wasichana wenyewe kwa miaka yote niliyofanya kazi ya ushauri nasaha shuleni. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika. Mengine yanatosha kwa maneno machache.

Nahisi mwanafunzi wangu ana mimba. Nianzie wapi?

Anza na yeye mwenyewe. Usianze na mkuu wa shule, wala mama yake, wala walimu wenzako wakati wa chai. Mwite mahali ambapo hakuna atakayewasikia, kaeni upande mmoja wa meza, kisha umuulize hali yake kabla hujamuuliza habari ya mimba: "Naona siku hizi unasinzia sana, na wiki nzima hukwenda uwanjani. Unajisikiaje?" Halafu nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu, maana sisi walimu tumezoea kujaza kimya kwa mawaidha.

Nakumbuka mmoja aliyefungua mkebe wake wa kalamu, akatoa kipimo cha mkojo alichokizungushia karatasi ya daftari la hesabu. Alikuwa amekibeba hivyo wiki saba. Hakuuliza habari ya mtoto, wala hakumtaja mama yake. Swali lake lilikuwa moja: "Mwalimu, nitafukuzwa?" Wiki saba nzima alikuwa akitapika chooni kabla ya kengele ya kwanza, hajameza hata kidonge kimoja cha kuongeza damu, hajapimwa shinikizo la damu, kwa sababu aliamini siku atakayokanyaga kliniki ndiyo siku atakayotolewa shuleni. Ndiyo maana majibu yangu mengi yanarudi palepale. Msichana akijua mapema kwamba dawati lake lipo, atakwenda kliniki mapema. Akihofia kulipoteza, ataficha, na wanaoumia kwa kufichwa huko ni wawili.

Na kama mwenye mimba ni mimi, ninayesoma hapa kwa siri?

Mchague mtu mzima mmoja unayemwamini: mwalimu, muuguzi, shangazi, dada mkubwa. Kinywa kikikataa, andika kwenye karatasi umpe asome. Hata kama huna wa kumwambia leo, kliniki unaweza kwenda. Wauguzi wamewahudumia wengi wa umri wako.

Usimeze dawa wala mitishamba uliyoelekezwa na watu ili mimba itoke. Na kama umeshameza, ukatokwa damu nyingi, ukapata homa au maumivu makali ya tumbo, nenda hospitali sasa hivi na uwaambie wahudumu ulichomeza. Wanahitaji kujua ili wakutibu. Aibu utaishughulikia baadaye ukiwa hai.

Kwa nini mnasisitiza sana kliniki ya mapema?

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu angalau mara 8: mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kwenye ziara hizo hupimwa damu, shinikizo, mkojo, VVU na kaswende, hupewa chanjo ya pepopunda inapohitajika, na huanza vidonge vya kila siku vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Kaswende ikigunduliwa mapema hutibika kwa sindano za penisilini kabla haijamdhuru mtoto tumboni. Mama mwenye VVU akianza dawa mapema na kuzimeza bila kukosa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hushuka sana. Mambo haya hayangoji likizo.

Sasa chukua zile tarehe uziweke juu ya kalenda ya shule. Utaona kwamba ziara tano kati ya nane zimebanana kwenye wiki kumi na moja za mwisho. Mwalimu wa darasa asiyejua hili atamwandika mtoro msichana ambaye hajakosa kliniki hata mara moja. Niliwahi kuona daftari la mahudhurio lenye alama nyekundu kila Jumatano. Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kliniki. Hakuna aliyeuliza mpaka barua ya kumsimamisha masomo ilipokuwa mezani.

Ni kweli mimba ya umri huu ina hatari zaidi?

Ndiyo, na tusifiche. Duniani kote matatizo ya ujauzito na uzazi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19. Wakilinganishwa na wanawake wa miaka 20 hadi 24, wenye miaka 10 hadi 19 hupata zaidi kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua, na watoto wao huzaliwa zaidi kabla ya siku au wakiwa na uzito mdogo. Kwa walio wadogo zaidi, nyonga haijamaliza kukua, kwa hiyo uchungu unaweza kukwama. Uchungu uliokwama bila msaada ndio unaoleta fistula, ule mpasuko unaomwacha msichana akivuja mkojo au haja kubwa. Upungufu wa damu nao humnyemelea kwa urahisi: mwili wake bado unajijenga, na sasa unajenga na wa pili.

Lakini sehemu kubwa ya hatari hizi hupungua akihudhuria kliniki, akila vizuri na kujifungulia mahali penye wahudumu wenye ujuzi. Mwambie yote mawili kwa pamoja. Ukimtisha tu, atakukimbia.

Shuleni tuangalie dalili gani za hatari?

Kila mwalimu anayemfundisha anapaswa kuzijua, hata kama hajui jambo lingine lolote kuhusu ujauzito. Kichwa kinachouma vibaya na hakitulii, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu: hizo ni dalili za shinikizo la damu la mimba, ambalo kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20 na linaweza kufikia degedege. Nyingine ni kutokwa damu ukeni, maji kuvuja, homa, kupumua kwa shida, maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kabla ya wiki ya 37, na mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa.

Ukiona mojawapo, usimlaze kwenye chumba cha wagonjwa "tuone kama itapita". Usimpe dawa ya maumivu arudi darasani. Apelekwe hospitali akisindikizwa na mtu mzima, na kadi yake ya kliniki iende naye. Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimwekee kitu chochote mdomoni, na mtafute usafiri huku mwingine akipiga simu hospitali. Amueni tangu mwanzo ni gari la nani litatumika na nani atapigiwa simu usiku, hasa shule za bweni. Kuyatafuta hayo saa nane za usiku ni kuchelewa.

Anasinzia darasani, anatapika, anaomba ruhusa ya choo kila kipindi. Tufanyeje?

Mkalishe karibu na mlango na umpe ruhusa ya kudumu ya kwenda chooni bila kunyoosha mkono. Jambo dogo hili limewabakiza wengi shuleni kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Kubana mkojo humwongezea hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo, na maambukizi hayo yanaweza kuchokoza uchungu kabla ya wakati. Awe na chupa ya maji na kitu cha kutafuna, maana tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Kula kidogo kidogo mara nyingi humsaidia. Miguu ikivimba, apate kiti kingine cha kuiegesha, na kila baada ya muda asimame anyooshe mwili. Kutapika kwa kawaida hupungua baada ya miezi mitatu ya kwanza. Asipoweza kushikilia hata maji tumboni, huyo ni mgonjwa, aende hospitali.

Usingizi wa miezi ya mwanzo si uvivu. Mpe kazi ngumu asubuhi ikiwa hapo ndipo ana nguvu, au mchana ikiwa asubuhi anatapika. Yeye ndiye anayejua, muulize.

Michezo, maabara na kazi za mikono?

Kutembea na mazoezi mepesi ni mazuri kwake isipokuwa kliniki imesema vingine. Aepuke michezo ya kugongana na ile ya kuanguka, na mimba ikishakuwa kubwa asifanye mazoezi ya kulala chali. Maabara asikae karibu na mvuke wa formalini, viyeyushi, zebaki wala madini ya risasi. Anaweza kuandika matokeo wakati wenzake wanachanganya. Kubeba ndoo nzito na kupulizia dawa za wadudu, hapana.

Nani aambiwe, na nani asiambiwe?

Waambiwe wachache wenye kazi ya kufanya: mkuu wa shule, mwalimu wa darasa au mlezi, na muuguzi kama yupo. Walimu wa masomo hawahitaji kusimuliwa. Wanahitaji kuambiwa kwamba ana ruhusa za kiafya, ni zipi, na ni dalili zipi za kutopuuza. Kutangaza kwenye mkutano wa asubuhi, kumsimamisha mbele ya wenzake au kumtumia kama mfano ni ukatili, hata kama nia ya mwalimu ilikuwa kuonya wengine.

Wazazi ni suala la kupangwa naye. Wengi huniambia, "Mwalimu, usimwambie mama." Huwa sijibu ndiyo wala hapana. Namuuliza anaogopa nini hasa. Kama anaogopa mama atalia, tunaweza kumwambia pamoja, mimi nikiwa chumbani. Kama anaogopa kupigwa au kufukuzwa usiku, kwanza tunatafuta atakapolala. Kabla hajaanza kusimulia, mweleze bayana usichoweza kukificha: mahali pengi sheria inakulazimu kutoa taarifa mtoto akiwa ametendewa ukatili. Ukimwahidi siri usiyoweza kuitunza, hatakuamini tena, na huenda hatamwamini mtu mwingine.

Itakuwaje kama mimba imetokana na mtu mzima, au hakuwa ameridhia?

Liweke swali hilo akilini kila mara, hasa akiwa mdogo sana au akikataa kabisa kumtaja mwanamume. Huenda anamlinda, anamwogopa, au anaishi naye nyumba moja. Muulize peke yake, bila mzazi wala rafiki kuwepo: "Kuna mtu anayekulazimisha au kukuumiza?" Akisema yupo, umwamini, usimhoji kama mpelelezi, andika maneno yake kama alivyoyasema, na upeleke taarifa kwa mamlaka za ulinzi wa mtoto. Usikae kikao cha kuwapatanisha familia mbili kwa fidia au ndoa. Ndoa haifuti ukatili, na mara nyingi ndiyo inayomtoa shuleni moja kwa moja.

Akibaki darasani, wenzake hawataiga?

Hili naulizwa na watu wema kabisa, kwa hiyo nalijibu bila hasira. Wenzake wanamwona akivimba miguu, akiacha michezo aliyoipenda, akiamka usiku mara tano na kesho yake ana jaribio. Sijawahi kukutana na msichana aliyetamani hayo kwa kuyatazama. Kinachozuia mimba ni kujua jinsi mwili unavyofanya kazi, kuweza kupata njia za uzazi wa mpango, kulindwa na wanaume wanaowawinda, na kubaki shuleni kwenyewe. Kumwondoa mmoja hakuwapi wengine hata kimoja kati ya hivyo. Kunawafundisha tu kwamba likiwapata, wafiche.

Sheria zinasemaje?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitambua elimu kuwa haki ya kila mtoto, bila kumtenga mwenye mimba. Mkataba wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake unazitaka nchi zipunguze idadi ya wasichana wanaoacha shule na ziandae mipango kwa walioacha mapema. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 umeenda mbali zaidi: kifungu cha 11 kinazitaka nchi zihakikishe mtoto aliyepata mimba kabla ya kumaliza masomo anapata nafasi ya kuendelea. Sierra Leone iliondoa marufuku yake ya wasichana wajawazito kusoma shuleni Machi 2020, baada ya mahakama ya jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi kuipinga Desemba 2019. Tanzania iliruhusu waliojifungua kurudi shuleni Novemba 2021. Nchi nyingine zina miongozo yake, kwa hiyo tafuteni ule wa kwenu, msome wenyewe na msitegemee kusimuliwa. Mara nyingi unampa msichana haki zaidi ya zile zinazotamkwa ofisini.

Kupima wasichana wote kwa lazima mwanzoni mwa muhula hakumsaidii yeyote. Anayejijua ana mimba atakuwa ameshaacha kuja.

Tarehe ya kujifungua imeangukia siku za mtihani. Hakuna la kufanya?

Lipo, mkianza mapema. Tarehe ya kujifungua inayoandikwa na kliniki ni makadirio ya wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na uchungu wa kawaida unaweza kuja wakati wowote kati ya wiki ya 37 na ya 42. Panga kwa dirisha hilo lote. Barua ya kliniki ipelekwe kwa wasimamizi wa mitihani miezi kadhaa kabla, ikiomba mambo yanayotajika: kiti karibu na mlango, mapumziko ya choo yasiyokatwa kwenye muda wake, chumba cha pembeni, na utaratibu endapo atajifungua katikati ya mtihani. Ombi la jumla la "kumfikiria" huwekwa kando; ombi linalotaja dakika na chumba hujibiwa.

Haya yote, pamoja na ruhusa za darasani, siku za kliniki, anayemletea kazi akiwa nyumbani na tarehe ya kurudi, yaandikwe kwenye karatasi moja yenye sahihi yake, ya mzazi na ya shule. Nimeona makubaliano ya mdomo yakifa siku mkuu wa shule alipohamishwa.

Arudi shuleni baada ya muda gani?

Hakuna idadi moja ya siku. Aliyejifungua kwa kawaida bila tatizo wengi hushauriwa kupata kama wiki 6. Aliyefanyiwa upasuaji huhitaji muda zaidi na hapaswi kubeba mizigo kwa wiki kadhaa. Aonwe na wahudumu siku ya kwanza, siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Akitaka kuwahi kwa sababu ya mtihani, kliniki imruhusu kwanza. Na asirudi nyuma darasa zima kwa wiki chache alizokosa. Kazi zikimfuata nyumbani, atazifanya mtoto akilala, polepole, lakini atazifanya.

Atanyonyeshaje akiwa darasani?

Mtoto anastahili maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na shule haizuii hilo ikiwa kuna chumba kimoja safi chenye kitasa, kiti na maji ya kunawa. Kama mtoto yuko karibu, aletwe wakati wa mapumziko. Kama yuko mbali, mama akamue kila baada ya saa tatu hivi kwenye chombo safi chenye kifuniko. Maziwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, au hadi siku 4 kwenye friji. Asipokamua, matiti hujaa, huuma, yanaweza kupata uambukizo, na maziwa huanza kukauka. Choo si mahali pa kukamulia. Na awe na blauzi ya akiba begini: doa moja la maziwa mbele ya darasa linaweza kumfanya asirudi kesho yake.

Na mimba ya pili?

Zungumzeni kabla hajajifungua. Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba tena hata kabla ya kuona hedhi, wiki ya nne tu baada ya kujifungua. Kunyonyesha hulinda ikiwa mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Mojawapo likikosekana, ulinzi haupo. Kipandikizi kinaweza kuwekwa mara tu baada ya kujifungua hata kwa anayenyonyesha, na kitanzi ndani ya saa 48 au kuanzia wiki ya 4. Uamuzi ni wake. Ushauri wa kiafya ni kungoja angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Analia kila siku tangu ajifungue. Ni kawaida?

Siku chache za machozi ni kawaida. Zikipita wiki mbili, au akiwa hali chakula, halali hata mtoto akilala, hamtazami mtoto, apelekwe kwa mhudumu. Ni ugonjwa na una tiba. Akitaja kutaka kufa au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata dakika moja, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Baba wa mtoto naye ni mwanafunzi wetu. Afukuzwe?

Hapana. Naye abaki asome, apewe ushauri, aambiwe wazi wajibu wake, na ahudhurie kliniki ikiwa msichana anamtaka. Kumfukuza humnyima mtoto mzazi wa pili mwenye elimu.

Nimekaa nyumbani mwaka mzima na mtoto. Bado naweza kurudi?

Unaweza, na usingoje mtu aje kukuita. Chukua ripoti yako ya mwisho na daftari lolote ulilobaki nalo, umwombe mtu mzima mmoja akusindikize, mwende shuleni wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa. Watakaokwambia maji yakimwagika hayazoleki usibishane nao. Uliza mambo matatu: nitaingia darasa gani, kuna utaratibu gani kwa mwenye mtoto, na nani atakuwa mwalimu wangu mlezi. Shule uliyotoka ikikutia uchungu, uliza kuhusu kuhamia nyingine au masomo ya jioni. Omba jibu kwa maandishi, lenye tarehe ya kuanza, na kabla ya tarehe hiyo fanyeni majaribio ya siku mbili: mwachie mtoto yule atakayebaki naye, utoke asubuhi kwa muda uleule wa shule, urudi kwa muda uleule, ili mjue mapema maziwa yanatosha na ni nani atakayempokea akiugua.